Karatasi Nyeupe Juu ya Utatuzi: Miaka Yangu na Kitabu cha Halliday na Resnick

Niliingia katika mtihani wangu wa kwanza wa fizikia chuo kikuu nikiwa nimezisoma sura zote zilizotajwa, tena kwa makini, na nikiwa na hakika kwamba nimezielewa. Kitabu kilikuwa Fundamentals of Physics cha David Halliday, Robert Resnick na Jearl Walker, toleo la nne, nakala ya maktaba ambayo jalada lake lilishikizwa kwa utepe na ambayo kurasa zake zilijaa alama za penseli za watu nisiowajua. Swali la kwanza lilihusu sanduku lililokaa juu ya ubao ulioinama, likivutwa kwa kamba ambayo haikwenda sambamba na ubao huo. Mfano unaofanana na swali hilo nilikuwa nimeusoma siku mbili kabla, na hata mahali mchoro wake ulipokaa kwenye ukurasa nilipakumbuka. Nilichoshindwa ni kuanza, kwa sababu kuanza sikuwahi kukufanya kwa mkono wangu mwenyewe. Niliandika kwamba kani ya ubao kwenye sanduku ni sawa na uzito wa sanduku, nikaweka tarakimu, nikapata jibu, nikaenda kwenye swali la pili bila kujua kwamba la kwanza lilikuwa limekwisha kuharibika tangu mstari wa kwanza.

Matokeo yalipotoka nilimwendea mhadhiri wetu, mzee mpole aliyekuwa karibu kustaafu, nikamweleza kwamba nilikuwa nimesoma kila kitu. Hakunibishia. Aliufungua ukurasa wenye mfano ule, akaniuliza, "Ulipofika hapa, utatuzi uliusoma?" Nikajibu, "Ndiyo, Mwalimu, wote." Akasema, "Basi aliyelitatua swali hili ni mwandishi. Wewe ulikuwa unamtazama." Kisha akachukua karatasi nyeupe juu ya meza yake, akaufunika utatuzi wote, akaniachia maelezo ya swali peke yake, akanipa penseli, akaendelea na kazi zake.

Nilikaa pale karibu saa nzima. Nilichora sanduku, nikachora ubao, nikaanza kuorodhesha vitu vinavyoligusa sanduku: ubao, kamba, na dunia inayolivuta bila kuligusa. Nilipoanza kuichora kani ya kila kimoja kwa mshale wake ndipo nilipoona kosa nililolifanya mtihanini. Kani ya ubao haina thamani yake iliyopangwa tangu mwanzo. Ubao husukuma kwa kiasi kinachotosha tu kulizuia sanduku lisizame ndani yake. Ubao ukiinama, ni sehemu tu ya uzito inayoukandamiza, na kamba nayo ikivuta kwa kuelekea juu kidogo huupunguzia ubao mzigo, kwa hiyo kani hiyo hupungua zaidi, na msuguano unaotegemea kani hiyo hupungua pamoja nayo. Jambo hili lilikuwa limeandikwa kitabuni waziwazi, na nilikuwa nimelisoma. Lakini mtu aliyesoma kwamba kani ya ubao hutegemea hali bado anaweza kuiandika kuwa sawa na uzito mara tu akiachwa peke yake, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Tangu siku ile karatasi nyeupe ilikaa ndani ya kitabu kama alama ya ukurasa. Kila nilipofika kwenye mfano nilisoma swali, nikaufunika utatuzi, nikajaribu. Mwendo wangu ulipungua mno. Sura niliyokuwa naimaliza kwa jioni moja ilinichukua wiki, na kwa wiki kadhaa niliamini kwamba nimeachwa nyuma na wenzangu. Nilipokwama kabisa niliishusha karatasi mstari mmoja tu, nikasoma hatua moja, nikaifunika tena. Hatua hiyo moja, ikija baada ya nusu saa ya kuhangaika, ilikaa kichwani kwa namna ambayo kurasa kumi za kusoma kwa utulivu hazikupata kukaa, kwa kuwa sasa nilijua ni swali gani lililokuwa likijibiwa na mstari ule.

Funzo la pili lilitoka katika sura ya kubingirika, na hilo ndilo ninalolithamini kuliko yote. Swali lilikuwa hivi: tufe gumu na silinda ngumu, vyote viwili vikiwa vimejaa hadi ndani, na pete nyembamba vinaachiwa kwa pamoja kutoka juu ya mteremko, vyote vikibingirika bila kuteleza, kipi kitafika chini kwanza? Mimi, kwa mazoea niliyotoka nayo shule, nilitafuta tarakimu. Swali halikutoa tungamo wala nusukipenyo, nikadhani limekosewa. Nikajitungia tarakimu zangu, kilo mbili hapa, sentimita tano pale, nikakokotoa kurasa mbili, nikapata majibu matatu, nikabadili tarakimu ili nihakikishe, nikapata majibu yaleyale matatu. Nilidhani nimekosea hesabu. Nikarudia kwa tarakimu nyingine, na majibu hayakubadilika.

Siku iliyofuata niliandika kila kitu kwa herufi. Tungamo ikawa M, nusukipenyo R, na inesha ya mzunguko, yaani kipimo cha jinsi kitu kilivyo kigumu kuzungushwa, ikawa I, nikaifuatilia mstari kwa mstari hadi mchapuko ukatoka kuwa g (mchapuko wa kitu kinachoanguka huru) mara saini (sine) ya pembe ya mteremko, gawanya kwa moja jumlisha I juu ya MR mraba. Hapo nilisimama. Inesha ya kila kimoja kati ya vitu vile vitatu ni namba fulani mara MR mraba: mbili ya tano kwa tufe, nusu kwa silinda, moja kamili kwa pete. Kwa hiyo M na R zinafutika zote mbili. Tufe hupata 5/7 ya mchapuko ambao kitu kinachoteleza bila msuguano kingeupata kwenye mteremko uleule, silinda hupata 2/3, pete hupata 1/2, na tufe hushinda liwe kubwa au dogo, la chuma au la mbao, mradi tu ni gumu hadi ndani. Tarakimu zangu za siku iliyotangulia zilikuwa zikijaribu kuniambia jambo hili nami nikazichukua kuwa ni kosa. Herufi zilionyesha sababu: umbo lililoweka tungamo yake mbali na kitovu hulazimika kutumia sehemu kubwa zaidi ya nishati yake katika kuzunguka, hivyo hubakiwa na kidogo cha kusogea mbele.

Tangu hapo siweki tarakimu yoyote kabla ya mstari wa mwisho. Faida yake si unadhifu tu. Jibu lenye herufi linaweza kuhojiwa. Chukua mashine ya Atwood, yaani mizigo miwili iliyoning'inizwa kwenye ncha mbili za kamba inayopita juu ya kapi jepesi. Mchapuko wake ni g mara tofauti ya tungamo gawanya kwa jumla yake. Mizigo ikilingana, tofauti ni sifuri na hakuna kinachosogea, kama inavyopaswa. Mzigo mmoja ukiondolewa kabisa, mchapuko unakuwa g, na mzigo uliobaki unaanguka huru. Mwanafunzi aliyekosea alama na kuandika jumla juu na tofauti chini angegundua mara moja kwamba mizigo iliyolingana ingekuwa na mchapuko usio na kikomo. Aliyekwisha andika 3.27 hana namna ya kuihoji namba hiyo. Anaweza tu kuilinganisha na majibu yaliyo nyuma ya kitabu, ambako kuna majibu ya maswali yenye namba witiri peke yake.

Nilikuwa nimekitumia kitabu hiki kwa muda mrefu ndipo nikaanza kuuliza kilitoka wapi. Halliday alikuwa Chuo Kikuu cha Pittsburgh huko Marekani, na Resnick, aliyefundisha hapo pia, alihamia Rensselaer Polytechnic Institute mwaka 1956. Kazi yao ya pamoja ilitoka mwaka 1960 kwa jina la Physics for Students of Science and Engineering, ikiwa ndefu zaidi na nzito zaidi kuliko ile niliyoishika mimi. Uwanja haukuwa mtupu: kitabu cha Francis Sears na Mark Zemansky, University Physics, kilikuwa madarasani tangu mwaka 1949, nacho kinachapishwa hadi leo chini ya mikono ya waandishi wengine. Mwaka 1970 Halliday na Resnick walitoa Fundamentals of Physics, iliyokuwa fupi na nyepesi kidogo kuliko kazi yao ya kwanza, na hiyo ndiyo iliyoenea. Jina la Walker, wa Cleveland State University, liliongezwa katika toleo la nne la mwaka 1993, na ndiye aliyeibeba kazi hiyo tangu wakati huo. Halliday alifariki mwaka 2010, Resnick mwaka 2014. Mwaka 2002 Shirika la Fizikia la Marekani lilikitaja kitabu chao kuwa kitabu bora kabisa cha utangulizi wa fizikia cha karne ya 20.

Nilipoyasoma hayo nilifurahi, lakini nilichokifurahia zaidi ni kulinganisha matoleo, kazi ambayo nimeifanya kwa miaka mingi sasa. Fizikia ya sura za kwanza haikubadilika hata kidogo: ubao ulioinama wa mwaka 1970 ni ubao ulioinama wa leo. Kinachobadilika kiko kwenye ncha mbili za kitabu. Sura ya kwanza, ile ya vipimo ambayo wanafunzi huiruka, imeshuhudia mita ikiacha kupimwa kwa mawimbi ya mwanga wa kriptoni na kufungwa, tangu mwaka 1983, kwenye umbali ambao mwanga husafiri katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Kisha kilo, iliyokuwa silinda ya platini na iridi iliyohifadhiwa karibu na Paris, ikaachana na silinda hiyo tarehe 20 Mei 2019 na kutegemezwa kwenye kiwango thabiti cha Planck, namba ya asili isiyobadilika. Na sura za mwisho haziwezi kutulia kabisa. Toleo nililosomea mimi lilitoka miaka miwili kabla ya kwaki ya sita, moja ya chembe za msingi za maada, kugunduliwa katika maabara ya Fermilab, miaka mitano kabla ya wanaastronomia kuripoti kwamba upanukaji wa ulimwengu unaongeza kasi, na miaka 19 kabla ya chembe ya Higgs, inayohusishwa na asili ya tungamo ya chembe nyingine, kupatikana. Mtu anayesoma nakala ya zamani anapaswa kuyajua hayo, lakini hayo hayawezi kumwangusha katika mwaka wa kwanza, na nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wasihangaike kutafuta toleo jipya ilhali la zamani wanalo. Hatari halisi ya toleo la zamani ni ndogo na ya kuudhi: namba za maswali hubadilishwa, na mwanafunzi aliyeambiwa afanye swali la 43 hufanya lingine kabisa. Dawa yake ni mwalimu kuliandika swali lenyewe badala ya namba yake.

Nimetaja wanafunzi kwa sababu miaka ilivyopita nilihamia upande wa pili wa meza. Nilianza kufundisha kozi ileile, kwa kitabu kilekile, na katika mwaka wangu wa kwanza nilifanya mbele ya darasa kosa ambalo mhadhiri wangu alikuwa amenitoa. Nilitatua mifano ubaoni, hatua kwa hatua, kwa mwandiko mzuri, na wanafunzi walitikisa vichwa kuonyesha kwamba wameelewa. Walikuwa wanasema kweli kadiri walivyojua. Kisha nikawapa swali lisilo na hesabu: lori kubwa linagongana na gari dogo, ni kipi kinachokisukuma kingine kwa kani kubwa zaidi? Zaidi ya nusu ya darasa walijibu kwamba ni lori, ilhali kwa sheria ya tatu ya Newton kani hizo mbili hulingana. Watu hao wiki iliyotangulia walikuwa wameiandika sheria hiyo bila kukosea neno, na walikuwa wametatua kwa usahihi maswali matatu yaliyoitumia.

Baadaye niligundua kwamba wengine walikuwa wameliona jambo hilo kabla yangu na kulipima. Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake walichapisha jaribio la maswali ya kuchagua kuhusu dhana ya kani, maswali ambayo hayahitaji ukokotoaji wowote. Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwapa wanafunzi wake maswali ya namna hiyo akashtuka kuona jinsi walivyokwama, ingawa walikuwa hodari wa kukokotoa. Na mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi 6,542 kutoka kozi 62: walipohadhiriwa tu, wastani wa alama walizoongeza kati ya jaribio la mwanzo wa kozi na la mwisho wake ulikuwa karibu 0.23 ya alama walizoweza kuongeza, na walipolazimishwa kufikiri, kutabiri na kujadiliana darasani, ulikuwa karibu 0.48. Nilipozisoma takwimu hizo nilimkumbuka mzee wangu na karatasi yake. Hakuwa amesoma utafiti wowote kati ya huo, kwa kuwa haukuwa umetoka bado au haukuwa umemfikia, lakini alijua kwamba mtu hafundishiki fizikia kwa kuitazama ikifanywa.

Ninaona ni haki pia kusema mahali ambapo sikubaliani na kitabu chenyewe, kwa kuwa kupenda kitabu hakumzuii mtu kukihoji. Kwanza ni unene wake. Toleo refu la miaka ya karibuni lina sura 44, na sijawahi kuona kozi ya mwaka mmoja iliyozimaliza kwa namna yenye maana. Wanaojaribu huzipita sura za mwisho mbio, na mwanafunzi hutoka akidhani kwamba fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo mno kama atomu, ni orodha ya majina. Pili ni wingi wa maswali yanayoweza kujibiwa kwa kuwinda mlinganyo wenye herufi zinazofanana na tarakimu zilizotolewa. Yapo mengi mazuri sana, hasa yale magumu ya mwisho wa kila sura, lakini mwalimu asiyechagua kwa uangalifu anaweza kufundisha uwindaji badala ya fizikia. Matoleo ya baadaye yaliweka maswali mafupi ya kujipima katikati ya maelezo, mengi yakiwa hayana tarakimu, nayo ni kati ya vitu bora kitabuni. Kwa bahati mbaya wanafunzi huyaruka kwa sababu hayana alama za mtihani, na mimi siku hizi naanza kipindi kwa moja kati ya hayo.

Lipo jambo jingine dogo ambalo limewasumbua wanafunzi wangu kila mwaka bila kukosa, nalo ni alama ya kazi (jumlisha au toa) katika sheria ya kwanza ya thamodinamikia, sayansi ya joto na kazi. Kitabu hiki huandika kwamba badiliko la nishati ya ndani ni joto lililoingia toa kazi iliyofanywa na gesi. Vitabu vingi vya kemia huandika joto jumlisha kazi iliyofanywa juu ya gesi. Mwanafunzi anayechukua kozi zote mbili katika muhula mmoja huamini kwamba mmoja wa walimu wake anakosea, na huchagua kumwamini anayemwogopa zaidi. Niliwahi kumpoteza kijana mmoja mwenye akili nyingi kwa wiki mbili nzima kwa sababu hiyo, maana hakuuliza, nami sikujua. Sasa nawataka kila mmoja aandike kwa sentensi, kabla ya alama yoyote, ni nani anayemsukuma nani na pistoni, yaani kizibo kinachosogea ndani ya silinda yenye gesi, inakwenda upande gani. Akishaandika sentensi hiyo, alama hujipanga yenyewe, katika kitabu chochote.

Kuhusu vitabu vya majibu yaliyotatuliwa, ambavyo sasa vinapatikana kwa kila toleo kwa kugusa kioo cha simu, nimebadili msimamo mara mbili. Mwanzoni nilivipiga marufuku, na katazo hilo halikufuatwa na mtu. Kisha nikavinyamazia, nikaanza kupokea kazi za nyumbani zilizofanana hadi nukta. Sasa nawaruhusu wavitumie kwa sharti moja: kila swali lililotatuliwa kwa msaada wa majibu liambatane na aya inayoeleza ni wapi hasa mwanafunzi alikwama kabla ya kutazama. Aya hizo ndizo ninazozisoma kwa makini kuliko hesabu zenyewe. Mwanzoni mwa muhula huandika, "Nilikwama mwanzo." Ikifika katikati, baadhi yao huanza kuandika mambo kama vile kwamba hawakujua kama msuguano unaelekea juu au chini ya mteremko, kwa kuwa hawakujua sanduku lingetaka kuteleza upande gani kama msuguano usingekuwepo. Mwanafunzi anayeweza kuandika sentensi hiyo amekwisha kulitatua swali, hata kama hajaona bado.

Mwaka jana binti mmoja alikuja ofisini akiwa na swali la kubingirika. Alikuwa amelifanya kwa tarakimu alizojitungia, akabadili tarakimu, akapata majibu yaleyale, na alikuwa na hakika kwamba kikokotoo chake kimeharibika. "Mwalimu, hata nikiweka tani moja jibu halibadiliki," alisema. Nilitamani sana kumweleza, na maelezo yote yalikuwa tayari mdomoni. Nikatoa karatasi nyeupe, nikaiweka juu ya tarakimu zake, nikampa penseli. Aliandika M, akasita, akaandika R. Mimi nikageukia kazi zangu.